Kabla Hujalipia Redio ya Valvu: Ushauri kwa Wanunuzi wa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Redio kubwa za mezani za zamani, zile za sanduku la mbao lililong'arishwa na jicho la kijani linalojikaza kituo kinapokaa sawasawa, zimeanza kutafutwa upya. Mkulima wa kahawa wa Umatengo aliyeuza vizuri anataka kitu cha heshima sebuleni. Mtoto aliyehamia mjini anataka kumrudishia baba yake redio kama ile iliyouzwa wakati wa shida. Mwenye nyumba ya wageni Mbamba Bay au Liuli anataka wageni wake wapokelewe na muziki wenye sauti nzito, si mikwaruzo ya spika ya plastiki. Wote wana haki ya kuitaka. Redio ya valvu iliyotengenezwa vizuri hutoa sauti pana na laini ambayo mtu hukaa nayo jioni nzima bila kuchoka, na ilijengwa na watu waliokusudia idumu.

Hata hivyo, fedha nyingi hupotea katika ununuzi huu, na hupotea kwa sababu ileile: mnunuzi hulipenda sanduku kwanza, maswali huyauliza baadaye. Nashauri ufanye kinyume. Jiulize kwanza ni mawimbi gani yanayosikika nyumbani kwako, kisha umeme wako ni wa namna gani, kisha nani ataitengeneza redio hiyo ikiharibika. Ukishajibu maswali hayo matatu, ndipo utazame uzuri wake.

Redio hizi zilitoka wapi

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye waya unaopata moto ndani yake. Kabla ya transista kuenea, valvu ndizo zilizofanya kazi yote ya kunasa mawimbi na kukuza sauti. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, wasikilizaji wake walitumia redio za valvu. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1949, kituo cha utangazaji cha Lusaka kiliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya betri ya bei nafuu kwa Waafrika wa Rhodesia na Nyasaland. Ilikuwa na valvu nne, ikauzwa pauni tano bila betri, na kwa kuwa kasha lake la mviringo lilifanana na sufuria, jina la sufuria likaigandia.

Redio kubwa za mezani hazikuwa za kila nyumba, kwa sababu zinakula umeme mwingi. Zilikaa penye jenereta au mtambo wa maji: kwenye misheni, kwenye nyumba za maofisa, kwa wenye maduka. Tukumbuke kwamba umeme wa gridi ya taifa uliifikia Songea mwaka 2018 tu, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo miji ya Ruvuma iliishi kwa jenereta za dizeli. Kwa hiyo ukikuta redio ya valvu katika nyumba ya kawaida kijijini, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni ya betri. Ukikuta ya umeme, uliza ilikaa wapi na ilitumia umeme gani.

Miaka ya 1960 zikaja redio za transista, nyepesi, zinazotumia betri ndogo, na kiwanda cha Matsushita kikaanza kuziunda Dar es Salaam kwa jina la National. Redio za valvu zikasogezwa pembeni, kisha stoo. Zilizobaki leo nyingi zimekaa bila kuwashwa kwa miaka hamsini na zaidi. Hilo ndilo unalonunua: kifaa bora kilicholala nusu karne, na kukiamsha kunahitaji subira.

Swali la kwanza: hewani kwenu kuna nini?

Vituo vingi tunavyosikiliza leo viko FM, kuanzia TBC hadi Radio Maria, ambayo ilianzia Songea mwaka 1996. Masafa ya FM kwetu ni megahezi 87.5 hadi 108. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa, hasa wanaoagiza redio nzuri za Kijerumani.

Wajerumani ndio waliokuwa mabingwa wa FM katika miaka ya 1950, na kuna sababu. Mpango wa kugawana mawimbi ya Ulaya uliofanywa Copenhagen mwaka 1948, ukaanza kutumika mwaka 1950, uliwaachia nafasi chache sana katika mawimbi ya kati. Wakaelekeza nguvu zao kwenye FM, ambayo wao waliiita UKW. Ndiyo maana Grundig, Saba, Telefunken, Nordmende na Blaupunkt za wakati ule hunasa FM kwa usafi wa ajabu. Lakini masafa waliyotumia yaliishia megahezi 100. Redio nyingi za Kijerumani za miaka hiyo zinaishia hapo, na baadhi ya zilizofuata zikafika 104. Redio za Kiingereza zenye FM nazo nyingi huishia 100. Kituo cha kwenu kikiwa 102 au 106, redio hiyo haitakipata, hata ikiwa nzima kabisa.

Basi kabla ya kutafuta redio, chukua redio ndogo ya kawaida yenye bendi zote. Iweke mahali hasa ambapo hiyo kubwa itakaa. Sikiliza asubuhi, mchana na usiku, na uandike kila kituo unachokipenda na namba yake. Fanya hivi kwako mwenyewe, usitegemee orodha ya jirani wa kilima kingine, kwa sababu FM husafiri kwa mstari ulionyooka na migongo ya milima ya Umatengo huukata. Mtu wa mgongoni anaweza kupata vituo vinne, na mtu wa bondeni, umbali wa kutembea kwa miguu, akapata kimoja. Ziwani mambo ni tofauti: maji hayana mlima, na matangazo ya Malawi huvuka hadi mwambao wetu.

Orodha yako ikiwa na vituo vya chini ya 100, redio ya Kijerumani itakufaa sana. Vikiwa juu ya hapo, fundi hodari mwenye vipimo anaweza kusogeza masafa juu kidogo, ila utapoteza sehemu ya chini, na kazi hiyo si ya kujifunzia kwenye redio ya mtu.

Redio zilizouzwa Afrika Mashariki zenyewe, kama Philips, Pye, Murphy na Ekco za wakati wa Mwingereza, mara nyingi hazina FM kabisa. Zina mawimbi ya kati na bendi kadhaa za mawimbi mafupi, kwa kuwa wakati ule dunia nzima ilisikika huko. Siku hizi mashirika mengi makubwa yamepunguza au kufunga matangazo ya mawimbi mafupi. Mawimbi ya kati bado yana uhai, hasa usiku, yanaposafiri mbali. Kama orodha yako ya usiku inakuridhisha, nunua. Kama ni kimya na mivumo tu, utakuwa umenunua pambo. Tena, redio ya Ulaya ikiwa na kitufe cha mawimbi marefu, LW, usishangae kikiwa kimya: huku kwetu hakuna kituo cha bendi hiyo. Redio si mbovu, lakini pia usikubali kuongezewa bei kwa ajili yake.

Kuna njia moja ya kuiokoa redio isiyo na kituo. Redio nyingi nzuri za mezani zina matundu nyuma ya kuunganishia gramafoni, yaliyoandikwa GRAM, PU au TA. Kwa waya unaofaa, simu yako inaweza kuingizwa hapo, na taarabu, kwaya au muziki wa dansi ukatoka kwa sauti ya valvu. Njia hii ni nzuri, lakini ina sharti moja la uhai na kifo, nalo linatupeleka kwenye umeme.

Swali la pili: umeme wa redio na umeme wako

Redio za valvu za umeme ziko za aina mbili. Ya kwanza ina transfoma kubwa ya chuma inayotenganisha umeme wa ukutani na mwili wa redio. Ya pili haina transfoma: waya mmoja wa ukutani umeungwa moja kwa moja kwenye fremu ya chuma iliyo ndani. Zilitengenezwa hivyo ili ziwe nafuu na zitumie umeme wa aina yoyote. Ukigusa fremu hiyo, au msumari wa kitasa kilichong'oka, unaweza kuwa umeshika umeme wa nyumba nzima. Kuunganisha simu kwenye redio ya namna hiyo ni kuhatarisha maisha.

Utazitambua kwa majina yaliyochapwa kwenye valvu. Katika redio za Ulaya, valvu zinazoanza na herufi E, kama ECC85, ECH81, EF89, EABC80 na EL84, kwa kawaida ni za redio yenye transfoma. Kila moja hupashwa moto kwa volti 6.3. Zinazoanza na U, kama UCH81, UABC80, UL84 na UY85, ni za redio isiyo na transfoma. Zimeungwa kwa mfuatano mmoja. Zinazoanza na D, kama DK96, DF96 na DL96, ni za betri. Redio za Kimarekani zisizo na transfoma mara nyingi huwa na valvu kama 12BE6, 50C5 na 35W4. Shauri langu ni fupi: kwa nyumba yenye watoto, nunua yenye transfoma, yaani familia ya E. Redio za hadhi ya juu karibu zote ziko upande huo.

Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Redio za Kimarekani ni za volti 117. Zinahitaji transfoma ya kushushia, tena yenye uwezo wa kutosha. Redio za Ulaya nyingi zina kibadilisha volti nyuma: plagi ndogo au duara lenye namba 110, 125, 150, 220 na 240. Kikague kabla ya kitu kingine chochote. Redio iliyoachwa kwenye 110 ikichomekwa kwenye umeme wetu huungua muda huohuo, na hakuna fundi atakayekurudishia transfoma yake ya asili. Penye 240, chagua hapo, kwa sababu 220 ya zamani iko chini ya umeme wetu wa leo na valvu huchoka mapema zikizidishiwa moto. Penye umeme unaopanda na kushuka, tumia stabilaiza.

Wa sola nao wapige hesabu. Redio ya mezani yenye valvu sita au saba hula wati 50 hadi 80. Ya wati 60 ikiwashwa kwa saa nne hula wati-saa 240, na ukiongeza kinachopotea kwenye inveta unakaribia 280. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, na kama ni ya risasi haifai kuimaliza zaidi ya nusu. Kwa hiyo unapata jioni mbili, bila taa wala televisheni. Inveta nayo iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi huleta mngurumo kwenye spika na kuichemsha transfoma.

Kama redio ni ya betri, fahamu kwamba ilitumia betri mbili: moja ya volti 1.5 kwa kuwasha nyuzi na nyingine ya volti 90. Hiyo ya 90 haipo tena madukani. Mafundi huunganisha betri kumi za volti 9 kwa mfuatano, na redio hizi hula kidogo, kwa hiyo betri hizo hudumu kiasi. Kwa wa Lituhi au kijiji kingine cha mwambao anayetumia sola ndogo, redio ya betri inaweza kumfaa kuliko ya mezani ya kifahari.

Ikague ikiwa imezimwa

Muuzaji atakuambia ilikuwa inaimba mwaka jana na atataka kuichomeka mbele yako. Mzuie kwa upole. Redio iliyokaa muda mrefu ikichomekwa ghafla huharibika mbele ya macho yenu, na hapo mnaanza kulaumiana.

Kwanza iinue. Redio ya hadhi ni nzito. Uzito mwingi ni wa transfoma na sumaku za spika. Ikiwa nyepesi mno, huenda ni nakala za siku hizi zenye sanduku la kizamani na umbo la valvu za mapambo, ndani yake saketi ndogo. Dalili nyingine ya nakala ni kuimba papo hapo ikiwashwa, wakati valvu za kweli husubiri karibu nusu dakika zipate moto.

Fungua kifuniko cha nyuma, waya ukiwa umechomolewa. Nusa: harufu ya kuungua ni habari mbaya. Tazama transfoma kama imevuja lami au nta iliyoyeyuka. Tafuta viota vya panya, kwa sababu mkojo wao hula chuma na nyaya. Chunguza mbao kwa matundu ya wadudu na unga wake. Ubao uliotobolewa utaendelea kutobolewa sebuleni kwako na kuambukiza fanicha nyingine. Angalia kutu kwenye fremu, hasa kwa redio zilizokaa ziwani, ambako joto na unyevu hukutana mwaka mzima.

Kisha zitazame valvu. Kila chupa nzima ina doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, juu au ubavuni. Doa hilo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Hesabu kama zote zipo. Soketi tupu ni gharama.

Mwisho tazama vitu visivyopatikana tena: kioo cha mbele chenye namba na majina ya miji, vitasa, vitufe vyeupe na kitambaa cha spika. Valvu utaipata, kioo cha mbele cha redio hiyo kikivunjika umekosa, labda ununue redio nyingine mbovu ya aina ileile. Sanduku lenye mikwaruzo hung'arishwa upya, lakini lililopakwa rangi ya mafuta ni kazi ndefu.

Kuiwasha mara ya kwanza

Kazi hii ifanywe na fundi. Mwambie atumie balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyoungwa kwa mfuatano na redio. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Balbu hiyo ya waya ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mambo ni mema. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna hitilafu kubwa ndani, zimeni.

Fundi asiyejua redio hizi mwambie jambo moja muhimu kuliko yote: kapasita za karatasi za zamani huvuja. Iliyo hatari kuliko zote ni ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, mara nyingi EL84. Ikivuja, valvu hiyo hupitisha umeme kupita kiasi, bamba lake huwa jekundu, na transfoma ya spika inaweza kuungua pamoja nayo. Kapasita hiyo ibadilishwe kabla ya redio kupewa umeme kamili, ifanye kazi isifanye. Kisha zipimwe zile kubwa za kuchujia umeme, ambazo zikikauka huleta mngurumo. Redio za Kijerumani nyingi zina kapasita za Wima aina ya Tropydur, ambazo hupasuka ganda. Zibadilishwe zote bila mjadala. Vipuri hivi si ghali. Ghali ni kupuuza.

Ikishapata umeme kamili, iache iimbe angalau nusu saa. Jaribu kila bendi, mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo unapozungusha sauti si tatizo, kitasa husafishwa. Mngurumo mkubwa, harufu, au transfoma isiyoshikika kwa joto ni sababu ya kuzima na kupunguza bei. Jicho la kijani likiwa hafifu lakini redio inaimba, jua kwamba EM80 na EM84 bado hupatikana, ila macho ya zamani zaidi kama EM11 na EM34 yana bei ya kushtua.

Na kwa usalama wa kila aliye karibu: ndani ya redio hizi mna volti 200 hadi 250 na zaidi za umeme mnyoofu, na kapasita hubaki na umeme huo hata waya ukishachomolewa. Mtoto asikaribie redio iliyofunguliwa. Mtu mzima asiyejua naye asiingize kidole.

Majina yanayofaa kutafutwa

Kwa mwenye umeme wa gridi na vituo vya chini ya megahezi 100, redio za mezani za Kijerumani za katikati hadi mwisho wa miaka ya 1950 ndizo bora: Grundig zenye spika kadhaa, Nordmende, Telefunken Opus, Saba Freiburg. Nina tahadhari moja juu ya zile za juu kabisa. Saba Freiburg Automatic ina mota ndogo inayotafuta kituo yenyewe. Ni kazi ya uhandisi ya kupendeza, lakini kila kilichoongezwa ni kitu kingine cha kuharibika, na fundi wa kuitengeneza mota hiyo Ruvuma utamtafuta sana. Redio ya daraja la pili kutoka kiwanda hichohicho, yenye valvu zilezile za kawaida bila mota, itakupa karibu sauti yote na nusu ya taabu.

Kwa mpenzi wa mawimbi mafupi, tafuta toleo la kuuzwa nje ya Ulaya, hasa la Philips, lenye bendi nyingi za SW zilizotanuliwa. Wengi hutamani pia Zenith Trans-Oceanic ya Marekani, redio ya kubebeka yenye valvu. Ni nzuri, lakini kabla hujailipia hakikisha valvu yake ya 1L6 ni nzima, kwa sababu hiyo ni adimu na bei yake inaweza kukaribia ya redio nzima.

Kwa mwambao, wapo wanaopendelea redio za Kiingereza zenye kasha la bakelaiti, kama Ekco, kwa kuwa haliozi wala haliliwi na mchwa. Ni kweli, ila likianguka hupasuka kama chungu, na nyingi kati ya hizo hazina transfoma. Zikague kwa herufi za valvu kama nilivyoeleza.

Swali la tatu: fundi ni nani?

Mtafute fundi kabla ya redio. Mkoa wetu si jangwa la ufundi: misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898 na Wabenediktini, imefundisha mafundi kwa vizazi, na wazee waliopitia karakana kama hizo bado wapo. Mzee aliyeshika valvu ujanani, akikaa na kijana mwenye macho mazuri na mita ya kisasa, wanatosha. Mlipe mzee huyo vizuri, na umwombe amfundishe kijana, maana akiondoka na ujuzi wake, redio zote za mkoa zitabaki mapambo.

Kuhusu valvu, EL84 bado inaundwa mpya kwa ajili ya vikuza sauti vya magitaa. Kampuni ya JJ ya Slovakia ni mojawapo ya waundaji. ECC85, ECH81, EF89 na EABC80 hupatikana kutoka akiba za zamani, na za Kirusi huziba pengo: 6P14P ni badala ya EL84, na 6I1P ni badala ya ECH81. Redio za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zenye valvu za aina zisizo za kawaida waachie wakusanyaji. Ukinunua redio, agiza seti moja ya valvu za akiba siku hiyohiyo. Kapasita na rezista mpya zipo Kariakoo. Muhimu ni kununua zenye volti za kutosha, 400 au 630.

Bei, nauli na haki

Ulaya, redio ya kawaida ya Kijerumani ambayo haijatengenezwa si ghali. Mara nyingi nauli na ushuru wa kuileta Tanzania huzidi bei yake. Kwa hiyo usiagize redio mbovu eti kwa sababu ni rahisi. Kama ni lazima isafiri, bora uongeze fedha ununue iliyokwisha kutengenezwa na kupimwa. Ndugu aliye Ujerumani au Oman akikuletea, mwombe azitoe valvu, kila moja aifunge peke yake na kuiandika ilikotoka, na redio aiweke ndani ya masanduku mawili yenye sponji katikati. Kutoka Songea hadi Mbinga, na kwa lami hadi Mbamba Bay, isipandishwe juu ya basi. Lipia kiti.

Ukinunua hapa nyumbani, gawa bajeti yako mara mbili: nusu ya redio, nusu ya matengenezo. Kinachobaki kitakufurahisha, kinachopungua kitakufundisha kwa maumivu. Usinunue redio ya misheni, ya shule au ya ushirika kwa mtu binafsi asiye na barua ya wenye mali. Mjane anayeuza redio ya marehemu mume wake mpe bei ya haki, na wanawe wawepo. Andikeni hati: aina, namba ya redio, hali yake, bei, majina na sahihi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ikishafika nyumbani

Iweke mbali na ukuta kiasi cha kiganja ili joto litoke, wala usiifunike kwa kitambaa ikiwa inaimba. Miguu yake iwe juu ya meza, isiguse sakafu yenye mchwa. Iwashe angalau mara moja kwa wiki wakati wa masika. Joto lake lenyewe hufukuza unyevu. Kwa FM, weka antena ya waya wa ncha mbili wenye urefu wa karibu meta moja na nusu. Utashangaa vituo vinavyofufuka. Kwa mawimbi mafupi, vuta waya wa meta kumi hadi ishirini nje, juu ya miti. Lakini radi za mkoa wetu hazina huruma: mawingu yakianza kukusanyika, chomoa antena na uchomoe plagi, hata kama taarifa ya habari haijaisha.

Ndugu msomaji, redio ya hadhi ya juu kwa mtu wa Mbinga au wa mwambao ni ile yenye transfoma (au ya betri kwa mwenye sola ndogo), yenye valvu zinazopatikana, yenye fundi anayeijua, na inayopata vituo vya hapo ulipo. Iliyokosa hata moja kati ya hayo ni fanicha, hata iwe na jina gani mbele yake. Mwambie muuzaji aiache iimbe nusu saa kwenye kituo chako mwenyewe, na usitoe shilingi hata moja kabla hujaisikia.